Saratani ya shingo ya kizazi: Kwa nini majibu ya kipimo pekee hayatoshi Jinja na Mbale

Wanawake wengi wanaopimwa saratani ya shingo ya kizazi katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, hutarajia jibu la mkato: wanayo au hawana. Hata hivyo, hakuna kipimo cha uchunguzi kinachotoa uhakika huo.

Saratani hii ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini humo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha karibu wagonjwa wapya 7,000 na vifo zaidi ya 4,000.

Kwa miaka mingi, vituo vya umma vimetegemea kipimo cha siki. Mhudumu hupaka asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, husubiri kwa muda mfupi, kisha huangalia iwapo kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Kipimo hiki ni nafuu, hakihitaji maabara na majibu hupatikana papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea jicho la anayepima. Maambukizi ya kawaida yanaweza kufanana na dalili za hatari, na dalili halisi zinaweza kupita bila kuonekana. Aidha, kwa wanawake waliokoma hedhi, eneo linalopaswa kuchunguzwa mara nyingi huwa limerudi ndani.

Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kipimo cha virusi vya HPV kitangulizwe. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Katika wilaya ya Mayuge, si mbali na Jinja, utafiti wa ASPIRE ulioanza mwaka 2019 ulilinganisha njia mbili za kuwafikia wanawake kwa kipimo hicho: wahudumu wa afya wa jamii kupita nyumba kwa nyumba, na mikutano ya kijamii.

Lakini kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Maambukizi mengi huondolewa na mwili wenyewe. Kwa kuwa virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, majibu yasiyofafanuliwa vyema yanaweza kuleta hofu na shutuma ndani ya ndoa.

Matibabu ya dalili za awali nayo yana masharti. Baada ya kugandishwa au kuunguzwa kwa seli zilizobadilika, mwanamke hushauriwa kujizuia kujamiiana kwa takriban wiki nne. Ni ushauri mgumu kuufuata iwapo mume hakuelezwa.

Pengo kubwa zaidi huja baada ya majibu. Kipimo hakiokoi maisha iwapo aliyekutwa na tatizo hatibiwi. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mpya kuanza kazi. Kwa mgonjwa wa Mbale, Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 200, yenye gharama ya nauli, malazi na siku zisizo na kipato.

WHO inataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Malengo hayo mawili hayatenganishiki. Kuongeza vipimo Jinja na Mbale bila kuongeza tiba, ufuatiliaji na maelezo kwa lugha inayoeleweka kutazalisha majibu mengi zaidi, si lazima wanawake wengi zaidi waliopona.