Asiyeona mpeni kizimba, huruma bakini nayo

Wadau, niko Guangzhou. Mlioulizia bei za magauni vuteni subira, leo kuna jambo limenikaa kooni na nataka kulitema.

Kila nikisema serikali iwatengee wasioona sehemu za kufanyia biashara, najibiwa na ndugu na marafiki huko nyumbani kwamba huo ni upendeleo. Eti biashara ni ushindani, kila mtu apambane na hali yake. Jamani! Anayesema hivyo aje hapa Shisanhang.

Shisanhang ni soko la nguo za jumla, lipo wilaya ya Liwan. Alfajiri tu watu wameshafurika, mikokoteni inapita mbio, marobota yamezagaa kila kona. Duka lenyewe unaweza kukuta ni dogo kama choo cha uani, lakini watu wanaligombania kufa na kupona. Kwa nini? Kwa sababu kwenye biashara mahali ndio mtaji. Nguo ileile ukiipeleka uchochoroni inakudodea.

Na hilo jina la Shisanhang limetoka wapi? Maana yake ni nyumba kumi na tatu za biashara. Mwaka 1757 mfalme wa China aliamuru Wazungu wafanye biashara kwenye bandari hii moja tu, na waliokuwa na kibali cha kuuziana nao ni wafanyabiashara wachache wa hapa. Mpango huo ukadumu hadi 1842. Wakatajirika kupita maelezo! Kumbe serikali ikimtengea tajiri inaitwa sera, ikimtengea asiyeona inaitwa upendeleo. Hivi kweli?

Wamarekani, ambao ndio manabii wa ushindani, walilimaliza hili mwaka 1936 kwa sheria iitwayo Randolph-Sheppard. Kwenye majengo ya serikali kuu yao, asiyeona mwenye leseni anapewa kipaumbele kuendesha kibanda au kantini. Anapewa mafunzo, vifaa na bidhaa za kuanzia, kisha anauza mwenyewe na kuishi kwa faida yake. Mwaka 1974 wakaipanua sheria hiyo. Bepari hajafilisika mpaka leo.

Wachina nao wana kanuni ya ajira za walemavu ya mwaka 2007. Inasema mlemavu anayejiajiri apunguziwe kodi, asamehewe ada za usajili na leseni, na afikiriwe katika kupata eneo la biashara. Lakini siwasifii kila kitu. Kanuni hiyohiyo inamtaka mwajiri awe na walemavu wasiopungua asilimia 1.5 ya wafanyakazi wake, asipofikisha analipa fedha kwenye mfuko. Sasa bosi akishalipa, anajiona ameshamaliza. Na wasioona wengi wanaelekezwa kwenye kazi moja, kukanda watu misuli. Ni kazi ya heshima, ila kwani kila asiyeona kazaliwa mkandaji? Wengine damu yao ni ya biashara!

Sasa tuje Bongo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudishwa. Nzuri, napongeza. Lakini mkopo bila mahali ni nini? Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mbele, hela imekwisha kabla hujanunua hata katoni ya biskuti. Ukikaa barabarani, unakumbuka 2021 wamachinga walivyohamishwa. Anayeona akihamishwa anakung'uta vumbi na kutafuta kona nyingine. Asiyeona anaanza upya kujifunza njia, mitaro, ngazi na sauti za wateja wake.

Najua mtauliza, ataibiwa? Mbona tunaoona tunaibiwa kila siku! Huku mteja anaskani kwa simu, na maduka mengi yana kijisanduku kinachotangaza kwa sauti kiasi kilichoingia. Muuzaji hahitaji kutazama, anasikiliza tu. Sisi tuna M-Pesa tangu 2008, tunashindwa nini kuweka kijisanduku cha namna hiyo kwenye kila kibanda cha asiyeona?

Hoja yangu ni hii. Kila hospitali ya rufaa, kila jengo la halmashauri, stendi ya Magufuli pale Mbezi, stesheni za SGR, patengwe kizimba kimoja cha asiyeona. Apewe mafunzo na mzigo wa kwanza. Leseni iwe ya kwake, isiuzwe wala isikodishwe, na akionekana kigogo amejificha nyuma ya jina lake, kigogo afukuzwe na kizimba kipewe asiyeona mwingine. Haihitaji mabilioni, majengo tayari yapo na wateja wamo ndani.

Sarafu tunazodondosha kwenye bakuli zinatutuliza roho sisi tunaotoa. Kesho bakuli liko palepale. Kama una diwani unayemfahamu, mpelekee hoja hii kabla bajeti haijapita.

Ni hayo tu kwa leo. Anayepinga aje kwa hoja, matusi akae nayo. Tupo pamoja.