Karatasi ya mauziano si hati ya ardhi

Katika masoko ya mpakani, kuanzia Rubavu na Rusizi hadi Rusumo, bado wako watu wanaoamini kwamba wakishamhesabia muuzaji fedha zake, mashahidi wakatia saini na mkuu wa umudugudu akaweka jina lake chini, basi shamba au kiwanja kimekuwa chao. Imani hiyo inawaponza wengi, hasa ndugu zetu waliorejea nyumbani kutoka Tanzania, Uganda na Kongo, pamoja na wachuuzi wanaotaka kuiweka faida ya biashara mahali ambapo haitaoza. Nalisema wazi: hapa Rwanda karatasi ile inathibitisha kwamba watu wawili wamekubaliana. Mbele ya serikali, benki na wanunuzi wengine, mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la ardhi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ndiyo iliyofanya usajili kuwa wa lazima, na kuanzia mwaka 2009 maofisa na vijana waliofunzwa walipita kila kilima wakipima na kuandika wenye mashamba. Zaidi ya vipande milioni 10 vilisajiliwa katika muda wa miaka michache. Kila kipande kilipewa namba yake, maarufu kwa jina la UPI, inayoonyesha mkoa, wilaya, sekta, seli na kiwanja chenyewe.

Kazi ile ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Lakini daftari linasema kweli pale tu kila mauzo yanapoandikwa humo, na hapo ndipo tulipoteleza. Watu waliendelea kuuziana kwa karatasi, na sikubali kwamba sababu ilikuwa ujinga. Kwa miaka mingi ada ya kuhamisha umiliki ilikuwa faranga 30,000, iwe unanunua ghorofa mjini au kijishamba cha maharage. Tena sheria ya mwaka 2013 ilikataza kuligawa shamba la kilimo ikiwa vipande vingekuwa chini ya hekta 1, katika nchi ambayo wakulima wengi hawana hata hekta hiyo moja. Mtu aliyeuza kona ya shamba lake ili amlipie mtoto ada ya shule angeiandikisha wapi? Sheria hiyo ilifutwa na Sheria Na. 27/2021 ya tarehe 10 Juni 2021, lakini karatasi zilizoandikwa wakati ule bado zimo ndani ya masanduku ya watu.

Hatari yake huonekana baadaye. Muuzaji akifariki, warithi wanakwenda sekta na kukuta jina la baba yao halijaguswa. Akiwa hai, anaweza kuchukua mkopo kwa dhamana ya ardhi ileile aliyokwisha kukuuzia, kwa maana benki inatazama daftari, haitazami karatasi iliyo chini ya godoro lako. Na barabara ikipita hapo, fidia inaandikiwa mwenye jina.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata arubuni, omba UPI na uichunguze katika ofisi ya ardhi ya sekta au kupitia Irembo. Tazama majina ya wamiliki, ukubwa, na kama kuna rehani au zuio. Tazama pia matumizi yaliyopangwa. Wako walionunua kwa nia ya kujenga nyumba ya kupangisha, kisha wakaambiwa hapo ni pa kilimo na kibali cha ujenzi hakipatikani.

Majina ya wamiliki yasomwe yote. Mume na mke wakiwa wameandikwa pamoja, saini ya mmoja haitoshi, hata kama bwana anakuhakikishia kwamba mambo ya ardhi mkewe amemwachia yeye. Ikiwa mwenye hati amefariki, mirathi imalizwe kwanza na ardhi iwaendee warithi ndipo iuzwe. Tangu sheria ya mwaka 1999 mabinti wana haki sawa na kaka zao, hivyo dada aliyeolewa Kagera au aliyehamia Kampala naye ni mrithi. Mnunuzi anayeletewa saini za wavulana peke yao anajinunulia kesi.

Mambo yakiwa safi, muuzaji na mnunuzi wanafika mbele ya mthibitishaji wa ardhi wakiwa na vitambulisho, wanatia saini, na ombi la kubadilisha jina linapelekwa. Kodi za ardhi zinazodaiwa zilipwe kwanza. Aliye nje ya nchi anaweza kumtuma mtu, ila kwa wakala wa maandishi uliothibitishwa kisheria. Simu ya kaka haitoshi. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, hivyo anayekuonyesha ya zamani yenye muhuri mzuri asikuzuie kuitafuta namba yake kwenye mfumo. Nami nashauri malipo yapitie benki, na sehemu ya fedha ibaki mpaka jina libadilike.

Kwa wanaorejea yapo mengine yanayouma zaidi. Mtu anatoka Karagwe na simulizi ya shamba la babu yake, anakuta wengine wameishi hapo tangu miaka ya sitini. Itifaki ya Arusha ya mwaka 1993 kuhusu wakimbizi iliomba waliokuwa wameondoka kwa zaidi ya miaka 10 wasidai mali zilizokwisha kukaliwa na watu wengine, na kwa upande wao serikali iwapatie ardhi nyingine. Baadaye palifanyika mgawo wa mashamba, hasa upande wa mashariki, na sheria ya mwaka 2005 ikautambua. Aliyepata kipande kwa mgawo ule ahakikishe kimeandikwa kwa jina lake, kwa sababu kumbukumbu za wazee zinaondoka pamoja nao.

Mfanyabiashara asiye Mnyarwanda naye ajue kwamba njia yake ya kawaida ni upangaji wa muda mrefu wenye kikomo. Kumtumia rafiki Mnyarwanda aandikwe badala yake ni kumpa rafiki huyo ardhi.

Lipo deni moja la serikali. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini huduma za Irembo zilijengwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mtu aliyezaliwa na kusomea Ngara au Bukavu anatia saini kuhamisha mali ya maisha yake kwa maandishi asiyoyaelewa vizuri, akimtegemea mkalimani ambaye mara nyingi ndiye dalali mwenyewe. Naomba fomu za kuhamisha ardhi zitolewe kwa Kiswahili pia, na katika sekta za mipakani mthibitishaji awe na wajibu wa kuzisoma kwa sauti, kwa lugha ambayo anayetia saini anaielewa.