SHAURI KWA MKULIMA: SHOKA LA KUCHANJIA KUNI

Wahenga walisema, "Shoka lisilo mpini halichanji kuni." Lakini shoka lenye mpini uliolegea ni baya zaidi, maana chuma kikichomoka humwendea yeyote aliye karibu, hata mtoto aliyekuja kuokota vibanzi.

Shoka la kienyeji lilitengenezwa kwa hekima. Mkia wa chuma chake hupenya katika kichwa kinene cha mpini, na kila pigo huzidi kukikaza. Shoka la dukani ni kinyume: mpini ndio uingiao katika tundu la chuma, nao hushikwa na kabari. Wakati wa kiangazi mti hunywea, chuma kikalegea. Wengi hulitia shoka majini usiku kucha. Mti huvimba kweli, lakini ukikauka tena hulegea kuliko kwanza. Dawa ni kukaza kabari au kutia mpini mpya.

Mpini mwema hutokana na mti mgumu usiovunjika upesi, kama mkole, uliokaushwa polepole kivulini. Nyuzi zake na zinyooke toka juu hadi chini, wala usiwe na fundo. Mpini uliovunjika usitolewe kwa moto, kwa kuwa moto hukilainisha chuma, kisishike makali tena. Afadhali ukatwe kwa msumeno, na kipande kilichobaki kisukumwe nje kwa nyundo.

Shoka la kuangushia miti lina uso mwembamba, nalo hukwama katika gogo. La kuchanjia na liwe na mashavu manene yatanuayo mti. Gogo la mkaratusi lenye nyuzi zilizosokotana lahitaji kabari za chuma na nyundo nzito. Kisogo cha shoka kisigongwe kwa nyundo, wala kisitumiwe kupigilia kabari, maana tundu hupasuka. Kichwa cha kabari kikichanua kama uyoga, kisawazishwe kwa tupa, kwani vipande vyake huweza kuruka machoni.

Makali yatengenezwe kwa tupa, kisha yalainishwe kwa jiwe la kunolea. Kazi ikiisha, chuma kifutwe na kupakwa mafuta kidogo, na shoka liwekwe pakavu, mbali na mvua na jua.

Mpini mpya ni kazi ya siku moja. Jicho au mguu wa mtu haupatikani dukani. Basi kila asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, mwenye shoka na alitikise kwanza.