Mvua Husingiziwa: Kinga ya Utelezi Huanza Kabla ya Safari

Kila msimu wa masika, vyumba vya dharura vya hospitali zetu hupokea majeruhi wa barabarani ambao maelezo yao hutofautiana kidogo tu: mvua ilikuwa inanyesha, gari likateleza. Maelezo hayo huandikwa kwenye faili, matibabu huanza, na lawama yote hubaki kwa mvua. Maoni yangu ni kwamba mvua husingiziwa. Utelezi una chanzo, una dalili za awali na una kinga, kama yalivyo maradhi mengi tunayoyahudumia. Kwa dereva wa gari la kasi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kinga hiyo huanza kabla injini haijawashwa.

Magari ya namna hiyo ni mengi mijini mwetu. Toyota Mark X, Altezza na Crown zinazoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huwavutia vijana kwa nguvu ya injini na umbo la gari la mashindano, na mengi kati ya magari hayo hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo dogo linalokaribia ukubwa wa kiganja, na mshiko wa eneo hilo una kikomo. Lami ikilowa, kikomo hicho hushuka. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu katikati ya kona, matairi ya nyuma hutakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kulisukuma gari na kulizuia lisitoke nje ya kona. Yakishindwa, sehemu ya nyuma hutoka na gari huanza kuzunguka. Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza ni hatari zaidi, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyokusanyika juu ya lami wakati wa kiangazi huchanganyika na maji na kuwa utando unaoteleza.

Kitabibu, kuzunguka huko kuna maana mahususi. Gari linaloserereka linaweza kugonga mti, nguzo au gari jingine kwa ubavu. Mbele kuna injini na bodi iliyoundwa kukunjika ili kupunguza kishindo. Ubavuni, kati ya mtu na mti, kuna mlango tu. Ndiyo maana wahudumu wa dharura wanapoambiwa kuwa gari liligonga kwa ubavu, yafaa wafikirie mapema majeraha ya kichwa, mbavu, mapafu, wengu, ini na nyonga, hata kama majeruhi anazungumza na hana damu inayoonekana.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya hatari hii ni ufundi wa kulirudisha gari linapoteleza, na picha za video za magari yanayozungushwa makusudi huikuza imani hiyo. Wanaofanya hivyo mashindanoni huvaa kofia ngumu, hukaa ndani ya fremu ya chuma, na uwanja wao hauna mpita njia. Barabara zetu zina wanafunzi, mama lishe na bodaboda. Ufundi wa kurudisha gari ni tiba ya dakika ya mwisho, nayo hushindwa mara nyingi.

Kinga yenyewe ni ya kawaida na haina fahari. Tairi kipara haliwezi kuyasukuma maji pembeni, hivyo gari huelea juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Ukinunua matairi mawili mapya, yafungwe nyuma, ingawa mazoea ya wengi ni kuyafunga mbele; nyuma ikipoteza mshiko, gari huzunguka. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukakamaa hata kama mifereji yake bado ni mirefu. Punguza mwendo kabla ya kona, na usizime mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utelezi. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huwa takriban mara nne. Katika mteremko kama wa Kitonga, usishushe gia kwa pupa, kwani matairi ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko hata bila kukanyaga mafuta. Nyuma ikianza kutoka, achia mafuta taratibu, elekeza macho na usukani unakotaka kwenda, wala usikanyage breki kwa hofu.

Huenda mtumishi wa afya akasema kwamba hayo ni ya vijana wenye magari ya kifahari. Sivyo. Toyota Hiace, inayotumika kama daladala na gari la wagonjwa, nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Land Cruiser ya kituo cha afya kijijini huwa hivyo hivyo pale dereva asipounganisha magurudumu ya mbele. Kanuni za utelezi hazibagui kati ya kijana anayewahi harusi na dereva anayewahisha mjamzito hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, nazo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Idadi hiyo inatosha kulifanya jambo hili kuwa letu. Mfamasia anayetoa diazepamu, tramadoli au dawa ya mzio inayoleta usingizi amuulize mgonjwa kama anaendesha gari. Daktari anayemruhusu majeruhi arudi nyumbani azungumze naye kuhusu mkanda na matairi, kama anavyozungumza na mgonjwa wa kisukari kuhusu miguu yake. Na katika siku za upimaji wa afya kabla ya masika, napendekeza tumwalike fundi wa matairi. Shinikizo la damu la dereva na upepo wa matairi yake vipimwe siku hiyo hiyo, mahali pamoja.