NGUO ZISIZONUNULIWA



Nguo mpya kuchomwa moto! Wengi mlipoambiwa mlicheka. Lakini ni kweli. Mwaka 2018 kampuni ya Burberry ya Uingereza ilieleza katika hesabu zake kwamba imeharibu mali ya zaidi ya pauni milioni 28 kwa mwaka mmoja, ili isije ikauzwa rahisi. Baadaye iliacha.

Sasa Umoja wa Ulaya umekataza. Sheria ni ya mwaka 2024, nayo yashika makampuni makubwa tangu tarehe 19 Julai 2026. Ya kati yamengojewa mpaka 2030.

Je, tushangilie? Katika masoko ya Kitale na Bungoma wengi wana shaka, nasi twaona wana haki. Sheria yakataza kuharibu. Haikatazi kushona kupita kiasi, wala haizuii nguo zisizonunuliwa kupakiwa melini. Na njia ya meli hizo twaijua: Mombasa, kisha lori (sisi wa reli twalitazama likipita), kisha sokoni. Mama mwuza mitumba hulipia robota kabla ya kulifungua. Zikiwa mbovu, hasara ni yake. Zikiwa mpya na nzuri, fundi wa cherehani hukaa barazani bila kazi.

Hatusemi mitumba ikomeshwe. Shati nililovaa niandikapo haya ni la mtumba. Lakini wajumbe wetu na walipeleke makao makuu swali hili, liulizwe kwa wenzetu wa vyama vya Ulaya: robota likikutwa takataka, nani atamrudishia mama yule fedha zake?