Utii Peke Yake Si Uraia

"Tii sheria bila shuruti." Mtanzania ameyasikia maneno haya kwa polisi, redioni na kwenye mikutano ya hadhara hadi yamekuwa sehemu ya adabu, kama kumwamkia mkubwa. Nyuma yake kuna imani iliyoota mizizi: raia mwema ni yule anayetii, na anayekataa, hata akiwa na hoja, hata akiwa mikono mitupu, ni mkorofi anayevuruga amani. Majina yake mtaani yako tayari: mjuaji, mbishi, huyo katumwa. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo, na hasara yake tunailipa kila siku.

Kwanza, hatutii. Tuambiane ukweli. Trafiki akisimamisha gari, dereva anakunja noti ndani ya leseni. Aliyenyimwa kibali cha ujenzi anapandisha ukuta Jumamosi na Jumapili, wakaguzi wakiwa makwao. Mwenye duka hatoi risiti mpaka aone sura asiyoijua. Mchango wa ofisi ya mtaa ukitangazwa kuwa wa lazima, na hakuna aliyeonyeshwa sheria yake, mwoga analipa na mwerevu anajifungia ndani siku mtendaji anapopita. Kila mmoja wetu ana sheria anayoikwepa, na maadamu anaikwepa kimyakimya, hatumwiti mkorofi. Tunamwita mjanja.

Sasa asimame mtu mkutanoni aseme: "Mheshimiwa mwenyekiti, mchango huu sitoi mpaka tusomewe mapato na matumizi ya ule wa mwaka jana. Kama kutotoa ni kosa, nipelekeni mahakamani." Hapo ndipo vichwa vinageuka. Wazee wataguna, na jioni atafuatwa nyumbani na mtu wa kumshauri apunguze mdomo. Kumbe uvunjaji wa sheria haukutukera kamwe. Kinachotukera ni mtu kukataa mchana kweupe, kwa jina lake, akiwa tayari kubeba gharama yake.

Pima basi nani anaiheshimu sheria kati ya hao wawili. Anayehonga anaiacha sheria mbovu mahali pake na kuinenepesha, maana kila noti inayopita ndani ya leseni inampa mtu sababu ya kutaka sheria hiyo idumu. Anayekataa hadharani anaipandisha sheria yenyewe kizimbani. Anaitaka ijieleze mbele ya watu, na isipoweza kujieleza, ifutwe. Wa kwanza amejitafutia nafuu ya siku moja. Wa pili anatutafutia nafuu sisi sote, halafu sisi ndio tunaomzomea.

Mnaotaka mfano wa hapa nyumbani, mkumbukeni Mchungaji Christopher Mtikila. Katika miaka ya kwanza ya vyama vingi, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na anayetoa kibali aliweza kukunyima. Mtikila, kiongozi wa Democratic Party ambayo wakati huo haikuwa na usajili, alikataa kuishi kwa hisani hiyo. Alikamatwa, akashtakiwa, akarudi jukwaani. Kisha akaipeleka sheria mahakamani. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume cha Katiba. Haki ya kukusanyika haiwezi kuwa kitu cha kuombwa kwa ofisa. Sheria ikabadilishwa, kibali kikawa taarifa. Chama chochote kinachoandikia polisi leo barua ya saa 48 kabla ya mkutano wake, kiwe cha upinzani au kinachotawala, kinatembea katika njia iliyofyekwa na mtu aliyeitwa mkorofi.

Mtikila hakuwa malaika. Kauli zake dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia zilikuwa za chuki, na hakuna sababu ya kuzipamba. Lakini uhuru unaowalinda wapole tu hauna kazi, kwa kuwa wapole hawazuiwi na mtu. Haki zetu nyingi zimepimwa kwanza kwa watu tusiowapenda, na ndiyo maana ni hatari kuuliza kama mtu anapendeza kabla ya kuuliza kama anasema kweli.

Tazama pia Mtikila alipoingilia mahakamani. Ibara ya 26 ya Katiba ya Tanzania ina sehemu mbili. Ya kwanza inamtaka kila mtu aitii Katiba na sheria za nchi. Ya pili inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba na sheria zilindwe. Tumefundishwa kuikariri ya kwanza. Jaji Lugakingira alimfungulia Mtikila mlango kupitia ya pili. Walioandika ibara hiyo walijua kwamba utii usiokuwa na macho hauilindi Katiba. Unamlinda aliyeishika tu.

Hapa mzee mmoja atakohoa na kusema mambo haya ni ya kizungu, kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii, anamsikia mkubwa wake, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nitamjibu kwa Ukambani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno na ardhi inachakaa. Ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwanadi kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwa kimeshafunguliwa Athi River kikihitaji mifugo ya bei rahisi. Watu wapatao 2,000, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa karibu wiki 6. Hawakurusha jiwe. Walisema hawaondoki mpaka wazungumze na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, aliyewahi kuwa polisi wa serikali ileile, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini upunguzaji wa lazima wa mifugo ulisimamishwa. Hakuna aliyehitaji kusoma kitabu cha kizungu ili ajue kwamba ng'ombe wake si wa gavana.

Na jamii iko wapi katika kisa hicho? Iko Kariokor, imelala chini pamoja. Dhamiri ya mtu mmoja haikuwa adui wa ujirani. Ilikuwa ndiyo mwanzo wake. Machifu waliotii amri na kusaidia kuwatoa ng'ombe ndio waliosimama upande wa pili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mila yetu ni kutii, namwuliza: mila ya nani, ya wale waliotembea au ya wale walioshika orodha ya mifugo?

Wapo pia wanaoogopa kwa dhati. Tukimwachia kila mtu apime sheria kwa dhamiri yake, wanasema, kila mtu atakuwa serikali. Hofu hiyo ina mfano wake, na sitaukwepa. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, watu wanaoamini kwamba serikali inapaswa kuwa ndogo kabisa wamekuwa wakihamia kwa makusudi tangu vuguvugu lao lilipolichagua jimbo hilo mwaka 2003. Machi 2022, katika mkutano wa mwaka wa Croydon, mji mdogo wenye watu wapatao 800, mmoja wao alitoa hoja ya kupunguza bajeti ya shule kutoka dola milioni 1.7 hadi dola 800,000. Ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Kura 20 tu zikakata zaidi ya nusu ya fedha za watoto wa mji mzima. Wengine walikuwa wapi? Nyumbani, wakiamini kwamba mambo yatakwenda kama yanavyokwenda siku zote.

Wakazi wakaamka. Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakakusanya saini, wakaitisha mkutano mwingine mwezi Mei, na safari hii bajeti ikarudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2. Nami sikubaliani na falsafa ya wale 20. Kodi ya shule siioni kuwa wizi, na uhuru wa mtu asiyetaka kumsomesha mtoto wa jirani ni uhuru mwembamba. Lakini hao 20 walikuja, wakasema wanachotaka, wakapiga kura. Shule ya Croydon ilikaribia kuangamia kwa sababu ya mamia ya watu wema, watulivu, wasio na ubishi, waliobaki majumbani.

Wengine watanitajia Nairobi, Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, Bunge likavamiwa, sehemu yake ikachomwa, na watu wakauawa kwa risasi. Kuchoma jengo la umma sikutetei. Aliyechoma alifanya kosa na alifunika hoja ya maelfu waliobeba bendera na chupa za maji. Lakini risasi hazikutoka mikononi mwa vijana hao, na siku iliyofuata rais alitangaza kwamba hatausaini muswada. Ukaidi ninaoutetea mimi una masharti magumu kuliko utii wenyewe: uwe wa wazi, usimguse mtu wala mali yake, ubebe adhabu bila kukimbia, na hoja yake iwe kubwa kuliko mfuko wa anayekaidi. Asiyeweza masharti hayo na atii tu, wala hana haki ya kujiita mwanaharakati. Lakini asimzuie anayeyaweza.

Kazi hii haihitaji shujaa wala haianzii bungeni. Hapa kwetu sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila miezi 3. Ni vijiji vingapi unavyovijua vinavyokutana hivyo, na ni wangapi wanaonyanyua mkono pale vinapokutana? Ulizia tarehe. Nenda. Taka daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari. Ukiambiwa sharti fulani ni la lazima, uliza ni sheria gani, ya mwaka gani, kifungu kipi. Uliza kwa heshima, ukimwita mwenyekiti mheshimiwa, maana adabu na woga si kitu kimoja. Na ukiamriwa kukaa chini kabla hujajibiwa, usikae.