Tano kwa Mia Zinaenda Wapi?

Wandugu wafanya kazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na ninyi mabwana na mabibi wenye garaji, atelie, tanuru za mikate na mashini za kusaga unga: leo tunasema habari ya mshahara, na hatutafunika kitu.

Kila mwisho wa mwezi patroni anakata. Mfanya kazi wa franka 400,000 anakatwa 20,000, ndizo tano kwa mia za pensioni ya uzee. Patroni naye imempasa kutoa mfukoni mwake 52,000, maana yake 13 kwa mia: 5 za pensioni, 6.5 za malipo ya watoto, 1.5 za hatari za kazi. Jumla 72,000. Zote ziwe zimefika CNSS mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, pamoja na majina ya watu na mishahara yao. Tena kuna kodi ya mshahara, ile ambayo sheria ya 1969 iliita IPR na watu wangali wanaiita hivyo. Hiyo inakwenda DGI. Nayo ni franka za mfanya kazi, patroni ni mbebaji tu.

Mbebaji huyu, je, anafikisha mzigo? Tunawajua mapatroni wanaokata kila mwezi bila kukosa, na kule CNSS jina la mtu wao halijulikani. Wengine wana mabuku mawili: moja la mshahara wa kweli, lingine la kuonyesha Leta, na katika lile la pili fundi wa miaka kumi anaonekana kama mtoto aliyeingia kazini jana. Ukiwauliza, wanalia: sisi ni wadogo, kodi itatuua. Ndugu patroni, zile 52,000 tunaweza kuzungumza habari yake, na hapa chini tutazizungumza. Lakini zile 20,000 hazikuwa zako hata siku moja. Ukizikata usizipeleke, hukulemewa na kodi, umeiba.

Wako na wafanya kazi wanaosema wenyewe: «Patroni, usiniandike, unipe zote mkononi.» Njaa ya mwisho wa mwezi tunaijua. Lakini siku mashini itakapokata vidole, nani atalipa? Pensioni inahesabiwa kwa miezi iliyoandikwa. Mwezi ambao haukuandikwa, kwa biro ni mwezi ambao hukufanya kazi.

Katika inchi hii ya shaba tulipaswa kuwa wa kwanza kuona haya. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari (hiari gani, kwa mtu mwenye deni la mishahara ya miezi na miezi?). Wengi wao walijaribu biashara ndogo. Mapatroni wengi wa leo ni watoto wa nyumba hizo. Walimwona baba akirudi kutoka biro mikono mitupu, na leo wao ndio wanaoshika kalamu.

Sasa tugeukie Leta, kwani hatukuja kumtetea. Kwa kipimo kilichotumika miaka mingi kwa INPP, kampuni ya watu zaidi ya 300 ilitoa 1 kwa mia ya mishahara, na garaji ya watu wanane ilitoa 3 kwa mia. Kwa mtu yule yule wa 400,000, mkubwa alitoa 4,000, mdogo 12,000. Aliyepanga hivyo hakupata kufungua duka katika Katuba wala Kenya. Leta amekubali karatasi ya mshahara iwe moja kwa DGI, CNSS, INPP na ONEM. Vizuri. Lakini karatasi zimeungana, watu hawajaungana: leo anakuja wa huyu na mkoba wake, kesho wa yule, na kila mmoja anataka kuhesabu upya na kunywa kitu. Mwenye duka anajifunza haraka kwamba kumtuliza mtu wa mkoba ni rahisi kuliko kuandika wafanya kazi wake. Ndipo tano kwa mia zinapotelea.

Na makampuni ya mgodi? Sheria ya 8 Februari 2017 imetaka kazi ndogo ndogo za makampuni makubwa zipewe Wakongomani. Tumeifurahia. Lakini mkubwa akilipa fakitira baada ya miezi mitatu, tarehe 15 haimngojei mdogo. Leta amtoze faini mkubwa anayechelewa kulipa kwa ukali ule ule anaomtoza mdogo anayechelewa kuandika. Na kipimo kigeuzwe: mdogo atoe kidogo, mkubwa atoe kikubwa.

Kwenu wafanya kazi: Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inamwagiza patroni akupe karatasi ya hesabu kila anapokulipa. Mwezi huu uidai. Tafuta msitari wa CNSS, uangalie kilichokatwa. Halafu nenda biro ya CNSS na namba yako, uulize miezi mingapi imeandikwa, na kama miezi haitimii, usiende kwa patroni peke yako: mwende watatu, wanne, pamoja na mtu wa sindika, na karatasi mkononi.